Miti Yenye Maua ya Kunukia: Ipi Itastawi Ruring'u na Ipi Itakufa Julai

Mvua inapokaribia, vitalu vya miche kando ya barabara zinazoingia mjini Nyeri hupata wateja. Wengi huja kutafuta parachichi, makadamia au mgrevilia. Lakini wako pia wanaotaka mti wa kupendezesha boma: mti utakaotoa maua yanayonukia jioni, watu wakiwa wametoka kazini na wamekaa nje ya nyumba. Hamu hiyo ni nzuri. Tatizo ni kwamba miche mingi inayosifiwa kwa harufu asili yake ni nchi za joto, na Ruring'u, ingawa iko karibu kabisa na Ikweta, haina joto la pwani. Matokeo yake ni miche inayonunuliwa Aprili, inayopendeza Mei, na inayokauka kabla Agosti haijaisha.

Hasara haiishii kwenye pesa. Baadhi ya miti inayonukia vizuri zaidi ina sumu inayoweza kumdhuru mtoto, mbwa au ng'ombe wa maziwa. Mingine hubeba ugonjwa kutoka shamba moja hadi jingine. Makala haya yanaeleza miti ipi inaifaa hali ya hewa ya Ruring'u na maeneo jirani, ipi inahitaji uangalizi, ipi iachwe, na namna ya kupanda ili jasho la mkazi lisipotee bure.

Kwa nini Ruring'u si Mombasa

Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Kwa kawaida hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 mtu anazopanda. Ndiyo maana wastani wa joto Mombasa ni nyuzi 26 hivi, na Nyeri ni nyuzi 17 au 18. Katika msimu wa gathano, yaani Juni hadi Agosti, ukungu hutanda siku nzima na joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10.

Mti wa nchi za joto hauuawi na usiku mmoja wa baridi. Unachoshindwa nacho ni wiki nyingi za baridi zikiandamana na udongo uliolowa. Mizizi yake hupunguza kazi, hainywi maji, na udongo unabaki umelowa muda wote. Ukungu wa magonjwa hupata nafasi, mizizi huoza, na mwenye mti anapoona majani yamelegea hudhani mti una kiu, akaongeza maji. Hapo ndipo mti unapokufa.

Baridi huathiri hata harufu yenyewe. Harufu ya ua hutokana na mafuta mepesi yanayoruka hewani. Hewa ikiwa na joto, mafuta hayo huruka kwa wingi. Ikiwa baridi, hubaki ndani ya ua. Kwa hiyo mti unaonukia mtaa mzima kule Malindi unaweza kuchanua hapa na mtu akalazimika kusogeza pua ili aisikie harufu. Mkazi anayetaka harufu ya kweli ni afadhali achague miti iliyozoea nyanda za juu.

Tofauti zipo hata ndani ya kaunti. Sehemu za chini za Mukurwe-ini na Mathira zina joto zaidi kuliko Ruring'u. Sehemu kadhaa za Kieni, pamoja na mashamba yaliyo karibu na misitu, huweza kupata jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayounguza majani machanga. Mti uliofaulu kwa shemeji anayeishi upande wa Sagana hauna hakika ya kufaulu Mweiga.

Miti inayofaa bila wasiwasi

*Muringa.* Mti huu, unaoitwa mringaringa kwa Kiswahili na Cordia africana kitaalamu, ni wa hapa hapa. Ukichanua hufunikwa na maua meupe yenye harufu tamu, na nyuki huujaa tangu asubuhi. Wazee walichonga mizinga ya nyuki kutokana na mbao zake, na mafundi bado wanazithamini kwa samani. Majani yake mapana hupukutika na kurutubisha udongo, ndiyo maana wakulima wa kahawa wameuacha mashambani tangu zamani ili utoe kivuli. Tatizo lake ni ukubwa: hufika mita 15 na zaidi, hivyo haufai ploti ndogo. Unafaa shamba, uwanja wa shule, au uwanja wa kanisa.

*Mlokwati.* Huu ni mti wa matunda ya manjano ambao watoto wa Nyeri wanaujua kwa kuukwea. Wachache huangalia maua yake. Ni madogo, ya rangi ya maziwa, yamejikusanya kwenye vishada vyenye manyoya ya kahawia, na harufu yake inakaribia ile ya lozi. Asili yake ni Uchina, na hali ya hewa isiyo na joto kali wala baridi kali inaufaa mno. Hukua hadi mita 5 au 7 na hauhitaji uangalizi mwingi. Matunda yaliyoanguka yaokotwe na kufukiwa, kwa sababu nzi wa matunda huzaliana humo na kisha kuhamia kwenye maembe na mapera ya jirani.

*Mlimau na mchungwa.* Maua ya jamii hii yana harufu inayojulikana duniani kote, na manukato mengi hutengenezwa kutokana nayo. Mlimau uliopandikizwa huanza kuchanua ukiwa na miaka miwili au mitatu na huendelea kuchanua mara kadhaa kwa mwaka. Jambo la kuangaliwa ni ugonjwa unaofanya majani kuwa na mabaka ya manjano na matunda kubaki madogo, yaliyopinda na machungu. Husambazwa na mdudu mdogo anayeacha vijipele kwenye majani machanga, na mdudu huyo hupenda nyanda za juu zenye baridi kama Nyeri. Ugonjwa huo hauna tiba. Mti ulioathirika hung'olewa. Kinga ni kununua mche kutoka kitalu kilichoidhinishwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na kukataa mche wenye vijipele kwenye majani.

*Mkahawa.* Kaunti inayojulikana kwa kahawa haina haja ya kutafuta harufu mbali. Baada ya kiangazi, mvua ya kwanza ikinyesha, machipukizi ya maua huamka, na baada ya siku 8 hadi 10 hivi matawi hugeuka meupe. Harufu yake inafanana na ya yasmini. Maua hudumu siku mbili au tatu tu, lakini shamba zima huchanua kwa pamoja. Miti mitano au sita ikipandwa kama ua wa ndani inapendeza mwaka mzima. Anayeipanda asiisahau, kwani mikahawa iliyotelekezwa hueneza ugonjwa wa kuoza kwa matunda mabichi na kutu ya majani kwa mashamba jirani. Aina za Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian, iliyotolewa mwaka 2010, zina uwezo wa kustahimili magonjwa hayo mawili na ndizo zinazofaa nyumbani.

*Mukawa.* Wanaochunga mbuzi wanaufahamu kwa miiba yake. Kwa Kiswahili huitwa mtandamboo. Ni kichaka kinachoweza kufika mita 5, chenye maua meupe yaliyochanganyika na waridi, yenye harufu kama ya yasmini, na matunda meusi yanayoliwa. Hustahimili ukame na unafaa kuwa ua wa boma: unanukia, unalisha ndege, na hakuna mwizi anayeupenya.

*Magnolia.* Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Ni mti wa majani mazito yanayong'aa, na maua yake meupe, makubwa kuliko kiganja, hunukia kama ndimu. Hauogopi baridi ya gathano. Unachodai ni subira. Mche uliotokana na mbegu unaweza kumaliza miaka 10 bila ua hata moja. Uliotokana na tawi au uliopandikizwa huchanua mapema zaidi. Mnunuzi aulize umetoka wapi kabla hajalipa.

Mfranjipani: inawezekana kwa masharti

Mfranjipani ni ule mti wa matawi manene kama vidole, wenye utomvu mweupe na maua meupe yenye kitovu cha manjano, au mekundu, unaoonekana sana pwani kwenye bustani za hoteli. Asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibea. Harufu yake huongezeka usiku, kwa sababu wachavushaji wake ni nondo. Ua lenyewe halina asali. Nondo hudanganyika na harufu, akahama kutoka ua hadi ua akibeba chavua bila malipo.

Ruring'u mti huu huishi, lakini hukua polepole na hupukutisha majani yote wakati wa baridi. Wengi wanapouona umebaki matawi matupu hufikiri umekufa, wakaung'oa au wakaumwagia maji. Haujakufa, umelala. Masharti yake ni matatu.

Kwanza, upandwe mahali pasipotuama maji: kwenye mteremko, au juu ya tuta lililochanganywa mchanga na kokoto. Pili, upandwe karibu na ukuta wa mawe. Ukuta hunywa joto la jua mchana na kulitoa usiku. Ruring'u iko kusini kidogo mwa Ikweta, na kati ya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa limeegemea kaskazini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopata jua katika miezi ya baridi, na huko ndiko mfranjipani unakotakiwa kukaa. Tatu, majani yakishapukutika, maji yakome kabisa mpaka machipukizi mapya yatokeze.

Kuuzalisha ni rahisi. Tawi la urefu wa sentimita 30 hadi 45 hukatwa katika miezi ya joto, Januari hadi Machi, likaachwa kivulini kwa wiki moja au mbili hadi kidonda kikauke. Kisha hupandwa kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Tawi likipandwa bichi huoza. Utomvu wake huwasha ngozi na macho, hivyo mkataji avae glavu na watoto wakae mbali.

Iachwe pwani

Mlangilangi ndio mti ambao wengi wamesikia sifa zake. Mafuta yake huingia kwenye manukato ya bei ghali, na visiwa vya Komoro vimejulikana kwa muda mrefu kama mzalishaji mkubwa wa mafuta hayo. Ni mti wa nchi tambarare zenye joto na unyevunyevu. Mkilua, ambao maua yake wanawake wa pwani huyafunga pamoja na yasmini na mrehani kutengeneza vikuba, ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Miti hii miwili haina maisha Ruring'u nje ya nyumba. Mche wake ukiuzwa sokoni Nyeri, muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu jina lake, na bado mnunuzi akapoteza pesa.

Anayetamani harufu ya aina hiyo anaweza kuotesha yasmini kwenye chungu kikubwa verandani. Chungu huhamishwa mahali penye hifadhi baridi inapozidi, jambo ambalo haliwezekani kwa mti uliokwisha shika ardhi.

Harufu nzuri, sumu kali

Sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote kwa nyumba zenye watoto na mifugo.

*Mti wa maua ya tarumbeta*, wenye maua marefu meupe, ya manjano au ya waridi yanayoning'inia, hustawi sana Nyeri na hunukia vikali baada ya jua kutua. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Kila sehemu yake ina sumu: jani, ua, mbegu na mzizi. Aliyeila hukaukiwa na mdomo, mboni za macho hupanuka, moyo huenda mbio, kisha huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Inaweza kuua.

*Oleanda*, ile ya maua ya waridi au meupe inayopandwa kando ya barabara na kwenye ofisi, na binamu yake mwenye maua ya manjano kama kengele, zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Majani machache yanatosha kumuua ng'ombe, na majani makavu yana sumu sawa na mabichi. Matawi yaliyopogolewa yasitupwe zizini, yasichomwe moto kwa kuwa hata moshi wake una madhara, na vijiti vyake visitumiwe jikoni.

*Msunguti*, mti wa asili wenye vishada vya maua meupe yanayonukia sana, ndio uliotumiwa na wawindaji kutengenezea sumu ya mishale. Haufai kuwa karibu na nyumba.

*Jana-leo-kesho*, kichaka kinachochanua zambarau, kikageuka samawati hafifu, kisha cheupe ndani ya siku chache, kinapendwa sana na kinastahimili baridi. Hata hivyo mbegu na matunda yake ni hatari, hasa kwa mbwa. Mwenye mbwa mwenye tabia ya kutafuna ovyo akiepuke.

Mkazi ambaye tayari ana mti wa aina hii si lazima aukate leo. Auzungushie ua, awaeleze watoto kwa jina na kwa kuwaonyesha, na asiwaachie mifugo karibu. Mtu akiula, mabaki yatolewe mdomoni, asukutuliwe kwa maji safi, asilazimishwe kutapika, na apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu pamoja na kipande cha mmea huo ili wahudumu wautambue. Kwa mifugo, aitwe daktari wa mifugo bila kungoja kesho yake.

Kuchagua mahali

Mti hupandwa mara moja, lakini hukaa miaka mingi. Kabla ya kuchimba shimo, mkazi aangalie juu, chini na pembeni.

Juu ni nyaya za umeme. Mti unaoweza kupita mita 4 usipandwe chini yake, kwani utakuja kukatwa vichwa, na wakati wa mvua na upepo unaweza kuangusha nyaya.

Chini ni mabomba ya maji, tangi la majitaka na msingi wa nyumba. Muringa na magnolia zikae angalau mita 8 kutoka kwenye jengo. Mlokwati, mlimau na mfranjipani zinaweza kukaa mita 3 hadi 4. Majani ya muringa huziba gata za paa, na aliye na tangi la kuvunia maji ya mvua atayakuta ndani.

Pembeni ni jirani na barabara. Matawi yanayovuka mpaka yamezua kesi nyingi vijijini ambazo mita mbili za nafasi zingezuia. Ardhi ya akiba ya barabara ni ya umma; asiyekuwa na uhakika wa mpaka aulize kabla ya kupanda, maana barabara ikipanuliwa mti utang'olewa.

Ruring'u na viunga vyake vina miinuko na mabonde. Hewa baridi ni nzito, hivyo usiku huteremka na kutua bondeni kama maji. Mti unaopenda joto upandwe juu ya mteremko, si karibu na kijito. Na kwa kuwa harufu hufuata upepo, ni vyema mti uwe upande ambao upepo wa jioni hutokea, karibu na dirisha au mahali familia inapokaa. Muringa wenye nyuki nao uwe mbali kidogo na mlango.

Kupanda na kutunza

Shimo liwe na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu, ulio mweusi zaidi, uwekwe upande mmoja, na wa chini upande mwingine. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, kisha urudishwe kwanza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo mwekundu wa Nyeri, uliotokana na volkeno, ni wenye kina na hupitisha maji vizuri, kwa hiyo sehemu nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Karatasi ya plastiki itolewe kabla ya kupanda. Ni jambo dogo, lakini mara nyingi mti unaodumaa ukichimbuliwa hukutwa mizizi imezunguka ndani ya karatasi hiyo. Shingo ya mche, mahali shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na uso wa ardhi. Kwa mche uliopandikizwa, kovu la kupandikiza libaki juu ya udongo.

Baada ya kupanda, nyasi kavu zitandazwe kuzunguka mche ili kuhifadhi unyevu, lakini zisiguse shina. Wakati wa kiangazi, mche mchanga hupewa mtungi mmoja wa lita 20 kwa wiki, ukimwagwa taratibu kwa siku mbili tofauti. Maji ya kuoshea mboga au kusuzia nguo yanafaa. Yenye sabuni nyingi au dawa ya madoa hayafai. Baada ya miaka miwili, muringa, mukawa na mlokwati hujitegemea.

Adui mkubwa wa miche katika eneo hili ni fuko, ambaye wenyeji wanamwita huko. Hula mizizi kutoka chini, na mwenye mti hugundua mche ukiegemea tu. Wanaopanda mti wa thamani huzungushia shimo wavu wa waya wenye matundu madogo kabla ya kurudisha udongo.

Kalenda ya mwaka

Januari na Februari ni miezi ya kuchimba mashimo, kuyaacha yapigwe na jua, na kukata matawi ya mfranjipani. Kuanzia nusu ya pili ya Machi hadi Aprili, mvua ndefu ikishatulia, ndio wakati mkuu wa kupanda miti inayostahimili baridi. Mei miche ipaliliwe na kutandaziwa nyasi.

Juni hadi Agosti ni miezi ya kutulia. Kupogoa kukome, kwa sababu chipukizi jipya huungua kwa baridi. Mbolea isitiwe, na mti uliopukutika usimwagiliwe. Septemba joto linaporejea, matawi yaliyokufa huondolewa. Oktoba na Novemba, mvua fupi zinapoanza, ndio wakati unaofaa zaidi kwa miti inayopenda joto kama mfranjipani, kwa kuwa hupata miezi kadhaa ya kushika mizizi kabla ya baridi. Anayepanda mti wa aina hiyo Mei anauingiza moja kwa moja kwenye gathano.

Mti mmoja, hesabu ya wengi

Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali kufanya kazi ya kufikia na kudumisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mpango wa kitaifa wa kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 unaelekea huko, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa sikukuu ya umma ili Wakenya wote wapande miti. Kwa Nyeri fikra hiyo si ngeni. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alianzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 kwa vitalu vya akina mama vijijini, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kazi yake ilikuwa na funzo moja ambalo bado ni kweli: kupanda ni siku moja, kutunza ni miaka.

Miti ya bustani inaingia kwenye hesabu hiyo, na ina faida moja ambayo miti ya msituni haina: mwenyewe huipita kila siku, hivyo huona mapema ikiugua. Muringa au mukawa uliopandwa kwa ajili ya harufu hulisha nyuki na ndege bila gharama ya ziada, na nyuki hao hao ndio wanaochavusha maparachichi na makadamia ya kijiji.

Kabla ya kulipa kitaluni

Mkazi anayenunua mche auulize maswali manne. Jina lake ni lipi, na utakuwa mkubwa kiasi gani? Umetokana na mbegu, tawi au kupandikizwa? Una sumu? Na mti mama uko wapi? Swali la mwisho ndilo linalofaa zaidi. Muuzaji akiweza kuonyesha mti mkubwa wa aina hiyo unaochanua ndani ya Nyeri, mche umeshapita mtihani wa Julai. Akisema uko Mombasa, mnunuzi afikiri tena.

Ushauri zaidi unapatikana kwa afisa wa kilimo wa wadi, na katika maonyesho ya kilimo ya Kabiru-ini, ambako wenye vitalu na wataalamu hukutana na wakulima chini ya hema moja. Mkazi aende na picha ya mahali anapotaka kupanda, na kama ana mti asioujua, abebe tawi lenye jani na ua ndani ya mfuko, mbali na mikono ya watoto.